Jasho Si Moja

Kila ninapokimbia asubuhi katika mitaa ya Kasulu, sharti nikutane na mtu atakayeniuliza swali lile lile: "Mwalimu, unafukuzwa na nani?" Zamani swali hilo lilikuwa likiniudhi. Siku hizi hunichekesha tu, kwa sababu jibu ninalo. Nafukuzwa na kiti. Nimekalia kiti kwa miaka mingi: kiti cha ofisi ya walimu, kiti cha pikipiki, kiti cha barazani kwangu. Sasa kiti hicho kinanidai, na mimi nalipa deni kidogo kidogo kila asubuhi.

Naandika sura hii kwa sababu nina ugomvi na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wanaoamini kwamba mtu mzima anayekimbia barabarani bila kufukuzwa, au anayeendesha baiskeli isiyo na mzigo kwenye keria, ama amerukwa na akili ama anaiga Wazungu. Wa pili ni wale waliokwisha kuyapenda mazoezi, wakanunua fulana na viatu, kisha wakaanza kumhubiria kila wanayekutana naye, hata mama anayetoka mtoni na ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Hao wa kwanza wanasema mazoezi hayamfai mtu yeyote. Hao wa pili wanasema yanamfaa kila mtu sawasawa. Wote wamekosea, na kosa lao ni moja: wanadhani jasho ni moja.

Nianze na mimi mwenyewe, maana asiyejisema hana haki ya kuwasema wenziwe.

Nilizaliwa Kitahana, wilaya ya Kibondo, katika nyumba iliyokuwa juu ya kilima huku kisima kikiwa bondeni. Anayezijua nyanda za juu za Kigoma hahitaji kuelezwa zaidi. Kwetu hakuna safari isiyopanda wala kushuka. Tulitembea kwenda shule, tukifika tukapigwa mchakamchaka kuzunguka kijiji, mchana tukalima shamba la shule, jioni tukarudi na kuni. Nilipohitimu ualimu na kuanza kazi nilinunua baiskeli aina ya Phoenix, nyeusi, yenye keria ya chuma. Kwa baiskeli hiyo nilifuata mshahara, nilipeleka wagonjwa hospitali, nilibeba maharage, na nilimposa mke wangu. Hakuna aliyeniita mwanamichezo. Nilikuwa mtu mwenye baiskeli, basi.

Baadaye nikahamishiwa Kasulu, na mwaka 2009 nikanunua pikipiki. Kutoka kwangu hadi shuleni palikuwa na mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Nikawa naumaliza kwa dakika nne. Phoenix yangu nikaitundika kwenye ukuta wa stoo, ikawa mahali pa kuku kulala. Mkanda wangu wa suruali ukaongezwa tundu la kwanza, la pili, na la tatu. Watu wakanisifu. "Mwalimu umenawiri!" Huku kwetu unene wa mwalimu ni ushahidi kwamba mshahara unamfikia, nami niliupokea ushahidi huo kwa furaha.

Mwaka 2017, nikiwa naandika ubaoni, chaki iliniponyoka mkononi na darasa likaanza kuzunguka. Nilipopimwa niliambiwa presha yangu ni 168 kwa 104. Daktari alinieleza kwamba ikifika 140 kwa 90 na kubaki hapo, tayari ni maradhi. Akanipa vidonge, akaniambia nipunguze chumvi, akaongeza neno moja lililonishangaza: "Mwalimu, tembea." Mimi, mtoto wa Kitahana, naambiwa nitembee! Ni kama kumwambia samaki aoge.

Nilianza usiku, kwa aibu. Niliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili nisionwe. Siku ya kwanza nilikimbia nguzo tatu za umeme, ya nne nikaikumbatia nikitafuta pumzi. Mbwa walibweka mtaa mzima. Mlinzi wa duka moja akanimulika tochi na kunitaka nisimame, na ilinibidi nimweleze kwamba sijaiba kitu; nafanya mazoezi tu. Hakuniamini hadi aliponitambua kuwa ndiye niliyemfundisha mwanawe. Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa tatizo letu. Katika mji huu ni rahisi zaidi kuamini kwamba mwalimu ameiba kuliko kuamini kwamba anakimbia kwa ajili ya moyo wake.

Leo nakimbia mara tatu kwa juma, kilomita sita hivi, mchana kweupe. Sisemi kwamba kukimbia kumeniponya. Vidonge nameza hadi leo, na yeyote atakayeacha vidonge vyake kwa kusoma sura hii atakuwa amenisoma vibaya. Lakini presha yangu sasa inacheza kwenye 136 kwa 86, tundu mbili za mkanda nimezirudisha, na chaki hainiponyoki tena.

Sasa niwajibu wale wanaocheka.

Mnasema kukimbia ni uzungu. Je, mmesahau? Mwaka 1968 huko Mexico, John Stephen Akhwari alianguka katikati ya marathoni, akaumia goti, akaendelea mpaka mwisho huku mguu umefungwa bendeji, na taifa hili linajivunia mpaka leo yule mtu aliyekuwa wa mwisho. Mwaka 1974 Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch. Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo. Siku ile wale wale wanaoniuliza nafukuzwa na nani walikuwa wakipiga makofi. Kumbe kukimbia kunakuwa uzungu pale tu anapokimbia jirani yako.

Mtasema hao ni wanariadha, kazi yao ni hiyo. Haya, basi chukueni mtu asiyekuwa mwanariadha. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Alikuwa Rais na gari alikuwa nalo. Sijasikia popote kwamba mtu alimsimamisha njiani akamuuliza anafukuzwa na nani.

Na kama mnataka mfano wa karibu zaidi, tazameni ng'ambo ya mpaka. Jirani zetu Warundi, ambao wengi wao tumeishi nao katika kambi za Mtabila, Nduta na Mtendeli, wana desturi ya kukimbia kwa makundi mwishoni mwa juma huku wakiimba, vijana kwa wazee. Mbio zile zilikuwa na nguvu kiasi kwamba mwaka 2014, siasa zilipochafuka, serikali yao ilizuia kukimbia kwa makundi katika mitaa ya Bujumbura, kwa hofu kwamba wapinzani walizitumia kukusanyika. Sisifu marufuku hiyo. Nasema tu kwamba jambo lisilo na maana haliogopwi na serikali. Waha na Warundi lugha zetu zinasikilizana, vilima vyetu ni vile vile, ugali wetu ni ule ule. Ikiwa kukimbia ni kwao, vipi kwetu kuwe ugeni?

Hayo yanawatosha wa kwanza. Nawageukia wa pili, na hapa, msomaji, ugomvi wangu ni mkali zaidi, kwa sababu watu hawa ni wenzangu. Nimevaa fulana yao.

Desemba 2016 Makamu wa Rais wa wakati ule, Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi kwa ajili ya kupambana na maradhi yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatajwa kuwa siku ya kufanya mazoezi. Kampeni ile ilikuwa njema, nami naiunga mkono kwa mikono miwili. Iliwalenga watu kama mimi: wenye viti. Tatizo si kampeni. Tatizo ni jinsi maneno yanavyoteremka kutoka mjini mpaka kijijini bila mtu kuyabadilisha njiani.

Dada yangu amenitangulia kuzaliwa kwa miaka minne. Hakusoma zaidi ya darasa la nne, kwa kuwa mtu wa kuchota maji alihitajika nyumbani, na mtu huyo hakuwa mimi. Anaishi kijijini mpaka leo. Huamka kabla ya jogoo, hushuka kisimani, hupanda na maji, huenda shambani kwenye mihogo na maharage, hurudi na kuni, hutwanga, hupika. Siku ya soko hubeba ndizi kichwani mwendo wa saa mbili. Miaka michache iliyopita alianza kulalamika mgongo na maumivu ya kichwa. Nikampeleka zahanati moja, nayo siitaji. Alipopimwa, presha yake ilikuwa juu kama yangu. Kijana aliyempima, bila hata kuitazama mikono yake, akamwambia: "Mama, jitahidi kufanya mazoezi, angalau nusu saa kwa siku."

Dada alimshukuru kwa heshima zote. Tulipotoka nje alicheka mpaka akaketi chini ya mti.

"Mdogo wangu," akaniambia, "yule mtoto anataka nikimbie saa ngapi? Kabla ya maji au baada ya kutwanga?" Kisha kicheko kikamwisha, akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Mazoezi ninayo tele. Ninachokosa ni pa kukaa."

Neno hilo lilinikaa moyoni, nikaanza kusoma. Nami nimekuta mambo ambayo wahubiri wenzangu wangefaa kuyajua kabla ya kufungua vinywa vyao.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima autumikishe mwili kwa kiasi cha kati dakika 150 hadi 300 kwa juma, au kwa nguvu dakika 75 hadi 150, na aimarishe misuli angalau siku mbili katika hilo juma. Mwongozo huo unahesabu pia kutembea, kuendesha baiskeli na kazi za mikono. Kwa hesabu hiyo dada yangu humaliza dakika zake Jumanne asubuhi, na misuli yake huiimarisha siku saba kwa siku saba. Basi kwa nini presha yake iko juu kama ya mtu wa kiti?

Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jeremy Morris, pamoja na wenzake, walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi kutwa. Basi ni lile lile, mji ni ule ule, lakini makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Wakatazama na watu wa posta: wale waliogawa barua kwa miguu na baiskeli walikuwa na afueni kuliko makarani waliokaa ofisini. Huo ukawa mwanzo wa elimu yote tunayoihubiri leo kwamba kiti ni adui.

Lakini elimu haikukomea hapo. Mwaka 2021 wataalamu wa Denmark walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 100,000 wa Copenhagen kwa miaka mingi. Waliojishughulisha sana katika muda wao wa mapumziko walipata maradhi ya moyo kwa uchache na waliishi zaidi. Waliofanya kazi nzito sana za kutumia nguvu mambo yao yalikuwa kinyume: hatari yao ilizidi. Wapo wanaobishana na matokeo hayo, wakisema umaskini na sigara vinaweza kuwa vimejificha ndani yake, na ubishi huo ni wa haki. Hata hivyo maelezo yao yanaingia akilini mwa mtu yeyote aliyewahi kushika jembe. Anayekimbia nusu saa huupandisha moyo wake, kisha huuteremsha na kuupumzisha. Katika kupumzika ndipo mwili unapojijenga. Anayebeba mzigo saa nane huiweka presha yake juu saa nane. Mwendo haupangi yeye, na akichoka hawezi kusimama. Kesho yake huanza tena kabla mwili haujatengeneza kilichochakaa jana.

Basi jasho si moja. Liko jasho la hiari, ambalo mtu hulitoa akijua saa ya kuanza na saa ya kuacha, akirudi nyumbani anakuta maji na chakula. Na liko jasho la kulazimishwa. La kwanza ni dawa. La pili ni kodi.

Sisi Waha tungepaswa kulielewa hili kuliko watu wote, maana nchi yetu ya Buha wakoloni waliifanya ghala la vibarua. Katika miaka ya 1940 na 1950 chombo cha SILABU kiliandikisha vijana wetu kwenda mashamba ya mkonge, na wazee walitusimulia habari za watu waliotembea majuma mazima kutafuta kazi hiyo. Manamba wale walikuwa na vifua vipana na miguu ya chuma. Ungewapiga picha ukaziweka kwenye kuta za chumba cha kunyanyulia vyuma, vijana wangewaonea wivu. Lakini wengi walirudi wamechoka, wengine hawakurudi, na sijasikia mzee hata mmoja akisema kwamba mkonge ulimpa afya.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi wenye fulana tumeutazama mzigo wa dada zetu tukauona usufi, tena tukautafutia jina zuri: mazoezi. "Mama wa kijijini hahitaji mazoezi, anayo tayari." Nimelisikia neno hili likisemwa kwa sauti ya kusifu, na mimi mwenyewe nimelisema. Ni sifa inayotusaidia sisi kuliko yeye. Tukishauita mzigo wake mazoezi, hatuna tena haja ya kumtua.

Nami nitoe ushahidi dhidi ya nafsi yangu. Mwaka ule ule dada alipoambiwa akimbie, nilikuwa nimenunua viatu vya kukimbilia kwa bei iliyotosha kununua toroli. Sijutii viatu, miguu yangu ni mizito na barabara zetu zina mawe. Najutia kwamba fikra ya toroli haikunijia hata kidogo mpaka nilipomwona dada ameketi chini ya mti ule.

Tiba ya kwetu sote wawili ilikuwa imetundikwa ukutani kwangu, kuku wakiilalia.

Niliishusha ile Phoenix. Fundi akabadilisha tairi, tyubu na cheni, akanyoosha rimu, akachomelea keria upya ili ibebe madumu matatu ya lita ishirini. Nikampelekea dada. Yeye hapandi baiskeli. Katika ujana wake msichana aliyepanda baiskeli alisemwa, na sasa anasema mifupa imekwisha kukataa. Lakini anaisukuma. Safari tatu za kisimani zimekuwa moja. Mjukuu wake wa kike anaipanda kwenda shule, na akikuta vijana wanaomcheka kwa kuwa ni msichana huwapita. Sitadai kwamba presha ya dada imeshuka kwa sababu ya baiskeli, kwa kuwa vidonge naye anameza. Ninachoweza kusema ni kwamba nikienda kumsalimia saa kumi jioni, namkuta amekaa.

Mimi nami nikanunua baiskeli nyingine, iliyotumika, yenye gia. Jumapili baada ya ibada naiendesha kuelekea Heru Juu, kwenye upepo mzuri na migomba pande zote. Wenye baiskeli bila mzigo huku kwetu ni wachache, wenye mzigo ni wengi. Siku moja katika kilima kirefu nilimfikia kijana anayesukuma magunia ya mkaa, amefunga fimbo kwenye usukani ili apate pa kushikia, mwili umelala karibu na ardhi. Akanitazama nikipanda kwa gia nyepesi, akauliza kwa mshangao wa kweli: "Mzee, mbona unapanda mlima huna kitu?" Niliteremka, nikaiegemeza yangu kwenye mgomba, nikamsaidia kusukuma mpaka juu. Tulipofika kileleni tulikuwa tumelowa jasho sawasawa. Mimi niligeuka nikarudi nyumbani kuoga. Yeye alikuwa na vilima vingine mbele yake, kisha soko, kisha bei ambayo hakuipanga. Yeyote anayesema kwamba sisi wawili tulikuwa tukifanya mazoezi siku ile, na asukume gunia lile kuanzia bondeni.

Nijibu pia pingamizi moja ambalo rafiki zangu hunipa. Husema: "Mwalimu, ukiwaambia watu wa kazi ngumu kwamba hawahitaji kukimbia, utawapa wavivu kisingizio." Sikusema hivyo. Wavivu wana visingizio vyao tangu zamani, hawakunisubiri mimi. Nasema dawa hupimwa kwa mgonjwa. Nyuma ya karakana moja ya kuchomelea hapa mtaani vijana wametengeneza jimu yao: bomba la chuma lenye makopo ya saruji kila upande, benchi la mbao, na tairi la lori la kuburuta. Huenda mara mbili kwa juma, maana mtu akizeeka misuli hupungua, na mzee asiyeweza kuinuka kwenye kigoda bila kushikwa mkono ameanza kuwa mzigo kwa wanawe. Hapo hukutana na vijana wawili. Mmoja ni karani. Kutwa yuko mezani. Huyu namhimiza aongeze kopo. Mwingine ni kibarua wa ujenzi. Kutwa amebeba zege na tofali, jioni anakuja kunyanyua chuma ili kifua kitokeze. Huyu namwambia: "Mwanangu, nenda ukale, ukalale." Haniamini. Fulana na picha zimemfundisha kwamba jasho likizidi ndiyo afya inazidi.

Liko jambo jingine, nalo ni la barabara. Kwa miaka mingi tulililia lami, na sasa kazi ya barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260, imebadili sura ya nchi yetu. Nimefurahi kama mtu yeyote aliyewahi kulala njiani na basi lililozama kwenye tope la masika. Lakini lami imeleta mwendo kasi. Malori yaliyokuwa yakinyata sasa yanaruka, na mkimbiaji, msukuma mkaa na mwanafunzi wote wanasukumwa mtaroni pamoja. Lami inapofika, bajaji nayo hufika, na aliyekuwa akitembea huacha kutembea. Ndivyo viti vinavyozaliwa. Miaka ishirini ijayo watu wa Kibondo na Kasulu watakuwa na magonjwa yangu wakiwa bado na mizigo ya dada yangu, tusipofanya jambo.

Tufanye nini? Wewe mwenye kiti, tembea. Usingoje viatu wala fulana, wala Jumamosi ya pili ya mwezi. Iache pikipiki nyumbani siku mbili kwa juma. Ukichekwa, cheka nao, ila usisimame. Wewe unayehubiri mazoezi, kabla hujafungua kinywa itazame mikono ya unayemhubiria. Ikiwa na sugu, funga mahubiri, umsaidie mzigo. Wewe mganga wa zahanati, muulize mgonjwa anaamka saa ngapi na analala saa ngapi, ndipo umwambie afanye nini. Nanyi walimu wenzangu, rudisheni mchakamchaka mahali ulipokufa, lakini msimkimbize mtoto aliyekwisha kutembea saa nzima akiwa na kuni za shule kichwani. Nanyi mnaopanga barabara, acheni njia ya waendao kwa miguu na ya baiskeli kando ya lami, maana wengi wetu bado tuko huko kando. Na fedha ya fulana za bonanza linalokuja, hebu igawanywe nusu kwa nusu: nusu ikafanye mapambo, nusu ikatengeneze pampu ya kisima kilichokufa.

Nayajua majibu. Watasema huyu mwalimu anachanganya michezo na siasa, afya na visima. Nachanganya, naam. Mwili wa dada yangu haujui mpaka baina ya idara ya afya na idara ya maji. Mgongo unaouma ni ule ule unaobeba.

Kesho alfajiri nitatoka tena. Nitapita sokoni, nitateremka hadi kijito, nitapanda kilima, na mtu ataniuliza nafukuzwa na nani. Nitamjibu kama kawaida, kisha nami nitamuuliza swali langu: nyumbani kwako nani anachota maji, na kwa siku anakaa mara ngapi? Akiniambia hajui, nitamwomba tukimbie wote kidogo, mpaka kisimani, akamwone.